Bosi wa Kaiping amenuna: je, nimpelekee bahasha?

*"Habari za kazi, Mwalimu. Nina fremu Kariakoo, nauza koki, shawa na vifaa vya bafuni. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikinunua kwenye kiwanda kimoja cha Kaiping, mkoa wa Guangdong. Bosi na mke wake wananiita dada, na kila nikienda wananipeleka kula, ingawa mimi sinywi pombe na huwa naona kama nawakwaza. Mwezi wa nne niliagiza mzigo kama kawaida, asilimia 30 mbele na 70 kabla ya kupakia. Binti wa mauzo niliyemzoea alikuwa ameacha kazi baada ya sikukuu yao ya mwaka mpya, nikahudumiwa na kijana mwingine. Kontena lilipofika Dar nikakuta theluthi moja ya koki za jikoni ni nyepesi, na mafundi wananirudishia. Kwa hasira nilituma sauti kwenye grupu letu la WeChat, ambalo yumo bosi, mke wake, mhasibu, vijana wa stoo na mdogo wangu. Nikasema wao ni wezi, nikaweka na picha. Tangu siku hiyo bosi ananijibu 'ok' tu, na kwa oda mpya anataka asilimia 50 mbele. Rafiki yangu anayefuata mzigo kwenye mji wa Yiwu anasema tatizo langu sina guanxi, nimpe yule kijana bahasha nyekundu yenye dola 500 mambo yatanyooka. Mdogo wangu anasema guanxi ni jina la Kichina la rushwa, tuachane nao. Mkataba hatujawahi kuandika, tuna proforma tu, ile ankara ya awali. Niliogopa wataona siwaamini. Nifanye nini?"*

Pole sana dada. Koki inayorudishwa na fundi ni hasara mara mbili, maana na yule fundi unaweza kumpoteza. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeniuliza habari ya bahasha, habari ya asilimia 50 na habari ya mkataba, lakini sentensi niliyoiona nzito kuliko zote ni ile uliyoipitia haraka: binti wa mauzo aliacha kazi. Nitaifikia. Kwanza niseme moja ili usilale nalo: hiyo bahasha usiipeleke.

Rafiki yako na mdogo wako wanapingana, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wanadhani guanxi ni kitu unachokinunua. Mmoja anasema nunua, mwingine anasema ni haramu kununua. Neno lenyewe ni la kawaida kabisa. Lina herufi mbili: ya kwanza asili yake ni komeo la lango, ya pili ni kufunga au kuunganisha. Kwa Kichina cha kila siku maana yake ni uhusiano tu, hata ule wa sababu na matokeo. Mtu akikukanyaga kwenye basi akaomba radhi, unamjibu "mei guanxi", yaani haina neno. Kwa hiyo rafiki yako angesimama sokoni Yiwu na kukutangaza kwa Kichina chake cha kuokoteza kwamba wewe "mei guanxi", watu wangesikia anawaambia wasijali.

Mwanasosholojia wa Kichina Fei Xiaotong alilieleza jambo hili miaka ya 1940 kwa mfano ambao sijaona wa kuushinda. Tupa jiwe kwenye maji yaliyotulia: viwimbi vinatoka katikati kwenda nje, na kadiri vinavyokwenda mbali ndivyo vinavyofifia. Kila mtu ni jiwe la bwawa lake. Kiwimbi cha kwanza ni nyumbani, cha pili ukoo, kisha watu wa mji mmoja, waliosoma pamoja, waliofanya kazi pamoja. Unachodaiwa na mtu kinategemea amesimama kwenye kiwimbi gani. Kwa wa karibu huhesabu senti. Kwa wa mbali una adabu na bei. Kwa yule ambaye kiwimbi hakimfikii kabisa huna deni lolote, na wala hutaonekana mbaya.

Kaiping yenyewe inalionyesha hili kwa macho. Umeipita ile minara ya mawe na saruji iliyosimama katikati ya mashamba ya mpunga, inaitwa diaolou. Iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2007. Mingi ilijengwa kwa fedha za watu wa pale waliokwenda kuhangaika Amerika na kwingineko, wakawa wanatuma nyumbani. Mtu alikwenda kwa sababu binamu yake alitangulia, akapata kibarua kwa sababu tajiri ni mtu wa kijiji chake. Ndivyo na viwanda vya koki vya Shuikou, mji mdogo wa palepale Kaiping, vilivyozaana: fundi anatoka kwa bosi wake anafungua karakana mtaa wa pili, huku anaendelea kununua chuma na vipuri kwa watu walewale. Maana yake ni kwamba pale kila mtu ana habari za kila mtu. Nakuomba ulishike hilo, tutalirudia.

Kwa nini wenzetu walitegemea sana kujuana? Wengi watakwambia Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, na kweli yumo. Mimi nadhani sababu za karibu zina nguvu zaidi. Enzi za uchumi wa mipango, nafaka, mafuta na nguo vilipatikana kwa kuponi, na baiskeli nzuri ilipatikana kwa kumjua mtu. Wakaita "zou houmen", kupita mlango wa nyuma. Sisi tuliopanga foleni za maduka ya kaya miaka ya themanini hatuhitaji mkalimani hapo. Mageuzi yalipoanza mwaka 1978 na watu binafsi wakaruhusiwa kidogo kidogo kufanya biashara, benki za serikali zilikopesha mashirika ya serikali, na mahakama hazikuwa kimbilio la mwenye karakana ya watu sita. Mtaji ulitoka kwa shemeji. Huko Wenzhou, mji wa wafanyabiashara wa mkoa wa Zhejiang, watu walikuwa na michezo ya fedha inayoitwa "hui", ambayo mama yeyote wa Kariakoo angeitambua mara moja: ni upatu. Malighafi nayo ilitolewa kwa kauli, ukilipwa na wewe unalipa.

Neno letu la mali kauli ndilo mlango mzuri wa kuwaelewa watu hawa. Jirani yako wa fremu anapokupa katoni ishirini bila kuandika, anaangalia mambo mawili: kwamba nafsi yako haitakuruhusu kumdhulumu, na kwamba ukimdhulumu, kufikia saa kumi jioni mtaa mzima utajua. Wachina wana majina tofauti kwa sehemu hizo. Mapenzi yanayojengeka kwa kula na kuketi pamoja ni "ganqing". Fadhila unayomfanyia mtu, naye ikabaki kwake kama deni lisilo na tarehe, ni "renqing". Sifa ya kwamba neno lako linasimama ni "xinyong", na hii ndiyo inayohusiana na fedha. Watu wetu wengi wanakwenda China, wanalishwa bata na samaki, wanaitwa kaka na dada, wanarudi wakiamini wana yote matatu. Wanayo ganqing kidogo. Sehemu kubwa ya ile karamu ni ukarimu wa kawaida, wenyewe wanauita "keqi", adabu ya kumpokea mgeni. Kuitwa dada mezani hakujawahi kumzuia mtu kupunguza unene wa bomba.

Na wala mfumo huu si ngome. Mwaka 2011 mikopo ya kujuana ya Wenzhou iliporomoka, mabosi wakazima simu na kutoroka madeni, na waliolia walikuwa ndugu, majirani na marafiki zao wa siku zote. Nakukumbusha hili kwa sababu nasikia watu wakilitaja guanxi kama hirizi.

Sasa turudi kwa yule binti. Kwa miaka mitatu mambo yako yalikwenda vizuri. Uliamini ni kwa sababu ya bosi. Mimi ninavyoona, aliyekuwa anakulinda ni yeye. Ndiye aliyejua kwamba koki zako za jikoni ni za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kwamba wateja wako ni mafundi na wanaipima koki kwa kiganja kabla ya kuuliza bei. Ndiye aliyeshuka karakana kugombana na msimamizi. Uhusiano wa Kichina uko kati ya mtu na mtu. Kampuni ni koti tu. Na baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, wafanyakazi wakishachukua bonasi na kwenda makwao, wengi hawarudi kazini walikokuwa. Kila mwaka mwezi wa pili na wa tatu viwanda vya Guangdong vinajaa sura mpya. Yule kijana alirithi proforma yako, hakurithi historia yako. Proforma imeandika nini? Kama ni kama nyingi nilizoziona, imeandika "kitchen tap, chrome", idadi na bei. Neno brasi halimo.

Kabla hujamwita mtu mwizi tena, pima. Chukua koki ya mzigo wa mwaka jana na ya mwaka huu, umbo lilelile, toa vipini na mipira, weka kwenye mzani wa jikoni. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haishiki brasi wala haishiki aloi ya zinki. Uzito unasema kweli: sentimita moja ya ujazo ya brasi ina gramu 8.5 hivi, ya aloi ya zinki ina gramu 6.7 hivi. Kwa umbo na unene uleule, koki ya brasi ya gramu 500 ikitengenezwa kwa zinki itakuja na gramu 390 au 400. Kisha ikate moja kwa msumeno wa chuma. Brasi ndani ni ya manjano, zinki ni ya kijivu. Ikiwa ni ya manjano lakini ukuta umekuwa mwembamba, hilo ni kosa lingine na bei yake ni nyingine. Piga picha za mzani na za mkato, nambari zisomeke.

Utakachokipata kitakuonyesha pa kuanzia mazungumzo. Kiwanda kikizidiwa na oda hutoa sehemu ya kazi kwa karakana ya jirani, na kasoro ikiwa theluthi tu ya mzigo, mimi huwaza hilo kwanza. Inawezekana bosi hakujua. Inawezekana alijua na akasema "chabuduo", neno wanalolipenda sana, yaani yanakaribiana. Inawezekana pia amekuibia makusudi. Kwa mbali huwezi kujua ni lipi, na hiyo ndiyo sababu ile sauti yako ya kwenye grupu imekugharimu.

Nikwambie kwa upole: uliyoyasema ulikuwa na haki ya kuyasema, lakini mahali hapakuwa penyewe. "Mianzi" tunaitafsiri uso, na Mswahili hashangai, kwa kuwa na kwetu uso umeumbwa na haya. Kwao uso ni kama daftari la mikopo. Bosi wa kiwanda anaishi kwa kuaminiwa na mhasibu wake, na vijana wa stoo, na anayemletea chuma kwa kauli. Ulipomwita mwizi mbele ya wale anaowaamrisha, ulimuumbua pale anapochuma riziki. Baada ya hapo hata angetaka kukulipa, kukulipa kungekuwa ni kukiri mbele ya vijana wake kwamba ni mwizi. Ulimfungia mlango wa kutokea. Wenyewe wana usemi: mpe mtu ngazi ya kushukia. Mtu aliyepanda juu ya ukuta, hata kama amepanda kwa ujinga wake, hashuki mpaka aone ngazi.

Hapo ndipo asilimia 50 inapoeleweka. Yawezekana bei ya shaba imempanda, muulize. Lakini nionavyo mimi, amekusogeza kiwimbi kimoja nje. Yule aliyekuwa anapewa masharti ya mtu wa nyumbani sasa anapewa ya mteja mpya mwenye kelele, ambaye huenda akaukana mzigo kabla ya kulipa 70. Na wewe jiulize, jirani yako wa Kariakoo angekutukana mbele ya vijana wako wa kubeba, kesho yake ungempa katoni kwa kauli?

Sasa bahasha. Kutofautisha zawadi na rushwa kule si kugumu kama watu wanavyodai. Zawadi inatolewa mchana, mbele za watu, kwa mwenye nyumba, wala haina swali nyuma yake. Rushwa inakwenda kwa mtu aliyeajiriwa ili amsaliti aliyemwajiri. Sheria ya China ya ushindani usio wa haki, ya mwaka 1993 na iliyofanyiwa marekebisho kuanza kutumika Januari 2018, inakataza wazi kumpa fedha au mali mfanyakazi wa upande wa pili ili upate biashara au upendeleo. Kijana yule ni mfanyakazi. Dola 500 zake bosi atazijua, maana nimekwambia pale hakuna siri, na utakuwa umemthibitishia kwamba wewe ni mtu wa kuvuruga nyumba yake. Kwa maofisa wa serikali hali ni ya hatari zaidi: tangu kampeni ya Xi Jinping dhidi ya rushwa ianze mwishoni mwa 2012, hata karamu na pombe za bei kubwa zilizokuwa kitu cha kawaida zimekuwa ushahidi. Kuna utani wa zamani kule: ofisa akikwambia "yanjiu yanjiu", tutalichunguza, sauti yake inakaribiana sana na ile ya "sigara na pombe". Siku hizi unasimuliwa kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo mdogo wako ana hoja, ila ameipaka rangi nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja. Na mimi nina langu la kukiri. Nilipokuwa mkalimani kijana Guangzhou, meneja wa mauzo wa kiwanda fulani aliniwekea asilimia 3 ya oda ya mteja wangu mfukoni mwangu. Wenyewe wanaiita "huikou". Nilichukua. Fedha ile haikutoka kiwandani. Iliongezwa kwenye bei ya mteja wangu, mzee wa watu aliyeniamini. Baadaye alijua, na hakunitukana, aliacha tu kunipigia simu. Tangu hapo natoza ada yangu waziwazi. Nakusimulia ili ujue kwamba ukianza bahasha, mwisho wa safari anayelipia ni mnunuzi.

Kuhusu pombe, hujamkwaza mtu. Ile baijiu ina nguvu za kati ya asilimia 40 na 60, na Wachina wengi wangependa sababu ya kuikwepa. Sema mapema, kabla glasi hazijajazwa, kwamba dini au afya haikuruhusu. Kisha wakati wa "ganbei", yaani kugonganisha na kumaliza glasi, simama na kikombe cha chai, kwa mikono miwili, ukingo wake uwe chini kidogo ya kikombe cha bosi unapogonga. Lipo neno kamili la kitendo hicho, "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe. Kinachokwaza ni kukataa ukiwa umekaa na simu mkononi. Tena Guangdong ni nchi ya chai. Ile meza yenye sinia la mbao ofisini kwa bosi, anapomimina na kumwaga na kumimina tena kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya mtaani, ndipo biashara inapozungumzwa. Akikujazia, gonga meza mara mbili kwa ncha za vidole viwili. Hiyo ni ahsante bila kukatiza maneno. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mzee mmoja wa kiwanda cha vigae Foshan alicheka, akaniongezea na karanga.

Nikupe ushauri wa hatua. Kwanza, toka kwenye grupu kwa mambo haya. Mtafute mke wa bosi kwa faragha. Kwenye viwanda vya familia mara nyingi yeye ndiye mwenye funguo za fedha, na kumpitia yeye ni kumwekea mume ngazi. Tafuta mtu anayekijua Kichina vizuri, usitegemee tafsiri ya simu, akuandikie hivi: "Dada, siku ile niliongea kwa hasira mbele ya watu, nilikosa adabu, naomba mniwie radhi. Miaka mitatu sijawahi kupata mzigo kama huu kwenu, nadhani kuna kitu kimepita bila bosi kukiona. Nimepima koki kumi za mwaka jana na kumi za safari hii, picha ni hizi. Nina wateja wanaonidai. Naomba tuangalie pamoja tufanyeje." Angalia: umeomba radhi kwa namna ulivyosema. Madai yako hujayaondoa, na nambari zimebaki mezani.

Usitegemee warudishe fedha taslimu, wengi hawarudishi. Watakachokupa ni koki za kufidia ndani ya kontena lijalo au punguzo. Ni ofa nzuri na ni mtego kwa pamoja, maana inakulazimisha kuagiza tena. Ikubali kwa oda ndogo, ambayo hata ikiharibika hutafunga fremu, na lipa mkaguzi wa kujitegemea aende na mzani kabla hujatuma malipo ya mwisho.

Wakati huohuo mtafute yule binti. Namba yake ya WeChat bado unayo. Msalimie tu, muulize yuko wapi siku hizi, usianze na malalamiko. Kama yuko kiwanda kingine cha Shuikou, umepata mlango wa pili wenye mtu anayekufahamu ndani. Usimtumie kumchafua bosi wake wa zamani. Habari kwamba unazungumza na wengine itafika yenyewe, na itafanya kazi ambayo matusi hayakuifanya.

Kuondoka kabisa ni haki yako pia. Maonyesho ya Canton Fair, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika Guangzhou majira ya kuchipua na ya vuli, na vifaa vya bafuni viko awamu ya pili. Utapata viwanda vingi kwa siku moja. Lakini utaanza tena kama mtu ambaye kiwimbi hakijamfikia, na miaka mitatu ya kujulikana kuwa unalipa kwa wakati ni mtaji. Mimi ningejaribu kutengeneza kwanza, nikijiwekea kikomo cha miezi miwili. Wakiendelea na "ok", basi.

Na mkataba andika, dada. Mchina mwenzao anawaandikisha, kwa nini wewe usiwaandikishe? Lete jambo hili kama utaratibu wa upande wako: benki inataka, mshirika wako anataka. Hapo hakuna uso wa mtu unaoguswa. Uwe wa Kichina, hata kama una tafsiri pembeni. Uandike brasi ya daraja gani, kwa mfano H59, na uzito wa kila koki kwa gramu. Kampuni iandikwe na namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na igonge muhuri mwekundu wa duara uliosajiliwa polisi. Ule wa bluu wenye Kiingereza ulioko kwenye proforma yako si huo. Jina la akaunti unayolipa lilingane na jina la kwenye muhuri.

Kuna neno moja la kuwa nalo macho. Kichina kina "dingjin" mbili zinazotamkwa sawasawa na kuandikwa kwa herufi tofauti. Moja ni kianzio tu, biashara ikifa mnahesabiana. Nyingine ndiyo hasa arabuni: kwa Sheria ya Kiraia ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, aliyeipokea akivunja makubaliano kwa namna inayoharibu lengo la mkataba anarudisha mara mbili, na aliyeitoa akivunja anaipoteza. Haiwezi kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. Kinachozidi hapo ni malipo ya awali ya kawaida. Mkalimani wako asome herufi, asisikilize sauti.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Hasara ikiwa imefikia kiasi cha kutikisa mtaji wako, au umekwisha kulipa na kiwanda kimeacha kujibu, au wanakwambia ubadilishe akaunti ya malipo ghafla, usitume senti nyingine. Tafuta wakili mwenye leseni ya China, na uwape taarifa ubalozi wetu mdogo ulioko Guangzhou. Kwa mikataba ijayo muulize wakili wa hapa nyumbani akuwekee kifungu cha usuluhishi. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York, ule wa nchi kutambua maamuzi ya wasuluhishi, mwaka 1964 na China mwaka 1987, kwa hiyo uamuzi wa wasuluhishi una njia ya kutekelezwa kule, tofauti na hukumu ya mahakama yetu, ambayo huenda ukaishia kuiweka kwenye fremu ya picha ukaitundika. Ujumbe wa ubora wa mzigo utume kwa maandishi sasa hivi, usingoje mpaka mpatane.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Saa ya ukutani hapana, kumpa mtu saa kwa Kichina kunasikika kama kumsindikiza kaburini. Kofia ya kijani hapana, ni kumwambia mwanamume mke wake anatembea nje. Beba korosho za Mtwara na kahawa nzuri ya Moshi, kila kifurushi kwenye mfuko mwekundu kama utaupata. Vitoe kwa mikono miwili, kimoja kwa bosi na kimoja kwa mke wake, palepale ofisini mbele ya mhasibu na vijana wa stoo waliosikia ile sauti. Kisha kaa, ngoja chai imiminwe, na usitaje koki mpaka yeye azitaje.